Mkono wa Dada na Mguu wa Kuku

Mimi sili paja la kuku. Ukweni walidhani ni mwiko wa ukoo wetu, wakaniheshimu kwa hilo, mpaka siku walipomwona kaka yangu akilitafuna na mfupa wake juu. Tangu hapo wananitania kwamba najidai. Nawaacha waseme. Juzi kwenye sherehe ya jirani mpishi mmoja aliniwekea paja zima kwenye sahani, kwa heshima, kwa vile mimi ni mwalimu wa mwanawe. Lilikuwa bado linatoka moshi, mafuta yanachuruzika, na harufu ile ya ngozi iliyobanikwa ikanipanda puani. Nikaisukuma sahani mezani. Nikainuka nikatoka nje, mtu mzima mimi, ninayeua nyoka darasani kwa ufagio. Nikajua siwezi tena kukaa na jambo hili peke yangu.

Nyie wa rika langu mliocheza rede mtanielewa haraka. Siku hizi naona watoto wanaicheza wakichekacheka, wakikosakosa shabaha. Sisi hatukucheka. Warushaji wawili walisimama huku na huku, mmoja katikati na chupa yake tupu. Huyo wa katikati alitakiwa aijaze chupa mchanga, aimwage, huku akikwepa mpira. Mpira wenyewe ulikuwa soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara na kufungwa kamba. Ukipigwa mgongoni unasikia joto tu. Ukipigwa sikioni unasikia kengele hadi jioni, na hakuna aliyekuonea huruma, maana na wewe kesho yake ulikuwa unalenga masikio ya watu.

Mimi nilikuwa mrushaji. Nilikuwa darasa la nne, mdogo kwa umbo, lakini shabaha yangu ilijulikana mtaa wetu wote wa Nsemulwa, pale Mpanda. Mtu mmoja tu alinishinda, na huyo ni dada yangu Kabula, aliyekuwa darasa la saba. Kabula akiingia katikati ulikuwa unarusha mpaka bega linaishiwa nguvu. Anajikunja, anaruka, anachota mchanga huku anaimba, na akijaza chupa anaimwaga taratibu kabisa huku anakutazama usoni. Nilimpenda sana dada yangu. Pia kulikuwa na siku nilitamani afe.

Siku hiyo alikuwa amenipiga asubuhi. Nilimwaga uji kwenye daftari lake la hesabu, naye akanipiga kwa mwiko ule ule wa uji, mara tatu kichwani, mbele ya wenzangu waliokuja kunipitia. Hakuwa na utani na madaftari. Baba yetu alikuwa anaishi kijijini Sibwesa na ng'ombe wake na mke wake mkubwa, na alikuwa ametamka wazi: Kabula akifaulu mtihani wa darasa la saba ataendelea na shule, asipofaulu anakwenda Sibwesa, aolewe. Wachumba wawili walikuwa wameshafika kumwona. Kabula alikuwa anasoma kama mtu anayekimbizwa. Mimi nililijua hilo lote, lakini kichwa kilikuwa kinaniuma na nilikuwa na hasira, na hasira yangu mimi haikujua mitihani.

Nyumbani nilikuwa na nati ya reli. Mpanda ndiko reli inakoishia, na watoto tulikuwa tunaokota vyuma kule stesheni tukivifanya vya kuchezea. Nati yangu ilikuwa nzito, imeshika kutu, inajaa kiganjani. Mchana ule nilifungua mpira wa soksi, nikatoa matambara ya katikati, nikaisokomeza nati mle ndani na kufunga kamba vizuri. Mpaka leo nakumbuka nilivyoifunga. Nilifunga fundo mara mbili ili isichomoke.

Jioni Kabula akaingia katikati. Chupa yake ilikuwa imefika nusu. "Rusha basi Milembe," alisema, "au mkono bado una uji?" Wote wakacheka. Nikalenga uso. Nasema hivi kwa sababu ndiyo kweli: sikulenga mgongo wala mguu. Yeye akaona mpira unavyokuja, na sijui mwili wake ulijua nini, badala ya kukwepa akainua mkono wa kulia kujikinga. Ukalia kama kijiti kikavu. Akaenda nyuma, akaangukia mkono ule ule, na chupa ikapasuka chini yake. Akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Kifundo cha mkono kilikuwa kimekaa upande.

Wote walimkimbilia yeye. Mimi nilikimbilia mpira. Nikauchukua, nikaenda nao chooni, nikautupa shimoni, nikausikia unavyozama. Niliporudi watu walikuwa wanasema Kabula ameteleza akaangukia mkono. Hata Kabula mwenyewe alisema hivyo. Sikumsahihisha mtu.

Mama yetu, ambaye tulimwita Mayu kama Wasukuma wote, hakuwahi kupeleka mfupa hospitali. Kwake homa ilikuwa ya hospitali na mfupa ulikuwa wa Fundi Jilala. Huyu alikuwa fundi baiskeli pale njia panda. Hakuwa mzee wala hakuwa na maneno mengi. Alikuwa mwanamume mnene mwenye kucha nyeusi za grisi, aliyenyoosha rimu asubuhi na mifupa mchana, na sidhani kama kwake kulikuwa na tofauti kubwa. Alikuja kesho yake mchana na chupa ya samli na vipande vya matete. Akaugusa mkono wa Kabula kwa kidole kimoja.

"Kaanguka au kapigwa?" aliuliza.

"Kaanguka," nilijibu mimi, kabla ya Mayu kufungua mdomo.

"Nimekuuliza wewe?" Akanitazama, kisha akaacha. "Mama, mkalie miguu. Nyie wengine shikeni bega."

Mayu akakalia miguu ya mwanawe. Akina mama wawili wa jirani wakashika mabega. Fundi akapaka samli, akashika kiganja kwa mkono mmoja na mkono wa juu kwa mwingine, akavuta. Kabula alitukana matusi ambayo hakuna aliyejua anayajua. Alimtukana fundi, akamtukana Mayu, akamtukana Baba na ng'ombe wake wote. Fundi alikuwa anavuta tu huku ametazama paa, anasikiliza mfupa, na jasho lake linamdondokea Kabula shingoni. Kisha akafunga matete kuzunguka kifundo kwa vitambaa vya kanga, akaketi, akaomba maji ya kunywa na kuku.

Kuku alitakiwa awe jike kwa sababu mgonjwa ni msichana, na awe bado hajataga. Tulikuwa nao wawili wa namna hiyo, wekundu, wa mama mmoja, waliofanana mpaka Mayu mwenyewe alikuwa anawachanganya. Akaletwa mmoja. Fundi akamlaza, akamshika mguu chini kidogo ya paja, akauvunja kwa mikono miwili. Ulilia vilevile. Mlio ule ule mdogo niliousababisha mimi jioni iliyopita. Akampaka kuku samli ile ile, akamfunga matete membamba, akamweka chini ya tenga.

"Huyu ndiye atatuambia," alisema. "Siku akikanyaga chini na kutembea, binti naye anafunguliwa. Si kabla."

Mayu akanigeukia mimi. "Milembe, kuku huyu ni wako. Maji, pumba, kivuli. Akifa huyu..." Hakumaliza, akanionyesha kidole.

Leo naelewa kwamba kuku yule alikuwa kalenda tu. Mfupa wa kuku na mfupa wa mtu huchukua muda kuunga, na fundi asiyeandika alihitaji kitu cha kumhesabia siku. Lakini mimi wakati ule nilielewa kwamba mguu ule na mkono ule ni kitu kimoja. Nilidhani Fundi Jilala amewaunganisha kwa samli. Nilipomnywesha kuku maji nilikuwa naunywesha mkono wa dada. Siku moja nilijaribu: nikamfinya kuku mguu juu ya matete huku namwangalia Kabula kupitia mlangoni. Kabula akaguna, akajigeuza kitandani. Nikauachia haraka. Sikumfinya tena, na kila usiku nilikuwa namwomba Mungu kwa ajili ya kuku kwa jina la dada yangu.

Wiki zilikuwa zinakwenda na mtihani unakuja. Kabula alikwenda shule na mkono umening'inia shingoni, akijaribu kuandika kwa kushoto, herufi zimelala kama zimepigwa na upepo. Mwalimu wa hesabu aliwachapa darasa zima kwa jaribio walilofeli. Kabula, kwa vile mkono ulikuwa umefungwa, alichapwa nyuma ya magoti. Alirudi akaketi kando ya tenga, akamtazama kuku. "Tembea basi wewe," alimwambia, akilia. "Tembea, nakuomba."

Nikaamua kuku atatembea. Kesho yake nilimtoa chini ya tenga, nikamfunga kamba kifuani, nikamsimamisha. Akalala. Nikamsimamisha tena, akalala tena. Nilimbembeleza kwa pumba, nikamwimbia, nikamvuta. Alinichoka. Aligeuza shingo akanidonoa juu ya jicho, damu ikanijia machoni, na kabla sijafikiri chochote mkono wangu ulikuwa umeokota kipande cha tofali na umerusha. Nilikuwa hatua tano. Ukimtoa Kabula, sijawahi kukosa shabaha, na siku hiyo sikukosa. Alipiga mabawa mara mbili, akatulia.

Jambo la kwanza nilikimbia ndani kumwangalia Kabula. Alikuwa amelala. Nikaweka kiganja kwenye vidole vyake vilivyotoka nje ya matete, kuona kama vimekufa. Vilikuwa vya moto. Sikuamini. Nilikaa pale nikisubiri vipoe, nikiwa na damu usoni, na niliogopa kama sijawahi kuogopa tena maishani, hata siku nilipojifungua.

Vidole havikupoa. Nikasema moyoni bado kuna nafasi, mkono haujajua. Nilimfungua matete kuku aliyekufa, nikamtupa shimoni ulikokuwa mpira, kisha nikamkamata ndugu yake. Nilijua kinachotakiwa. Fundi alivunja, kwa hiyo na mimi nilitakiwa kuvunja. Nikaenda naye nyuma ya jiko, nikamlaza vilevile, nikashika mguu chini ya paja kwa mikono miwili. Mguu ulikuwa wa joto na mwembamba. Niliusikia moyo wake unavyodunda kwenye kiganja changu. Nikakaza mikono, nikafumba macho, nikahesabu mpaka tatu, nikahesabu tena. Nikashindwa. Mimi niliyelenga uso wa dada yangu kwa chuma, niliyemuua mwenzake kwa tofali, nilishindwa kumvunja kuku huyu mguu kwa sababu alikuwa hajanikosea. Nikafunga matete juu ya mguu mzima, nikamweka chini ya tenga. Nikamwambia Mayu yule mwingine amechukuliwa na mwewe, nikapigwa kidogo kwa uzembe, na kilonda cha juu ya jicho nikasema nimejigonga.

Siku chache tu baadaye Mayu alinyanyua tenga na kuku akatoka anatembea na matete yake, akidonoa kokoto. Mayu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kabula alitoka ndani anakimbia, akapiga magoti mbele ya kuku, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya rede. Fundi Jilala alikuja na spana mfukoni, amekatishwa kazi. Akamfungua kuku, akaubonyeza mguu huku na huku.

"Mapema mno huyu," alisema. "Lakini umeshika kama chuma."

Nilikuwa nimesimama pale. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilimwona Kabula anavyofurahi nikajiambia, labda kweli umepona, labda Mungu amekubali hivyo hivyo. Fundi akakata vitambaa. Mkono wa dada ulitoka umekonda, una magamba, umepauka. Jioni aliandika jina lake ukurasa mzima, kwa mkono wa kulia, polepole, akiuma midomo, wala hakuonyesha kwamba unamuuma.

Kesho yake asubuhi alikwenda bombani. Alinyanyua ndoo kama alivyozoea, na kifundo kikajipinda chini ya uzito ule. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo yangu ndogo. Safari hii hakupiga ukelele. Alikaa kwenye tope, ameushika mkono kwa mkono mwingine, midomo imekuwa ya kijivu, anasema, "Hapana, hapana, hapana."

Fundi Jilala alikuja bila kuitwa mara mbili, maana jina lake lilikuwa limeshaanza kutajwa bombani. Alikuwa na hasira. Hakumgusa Kabula kwanza. Akamkamata kuku mwekundu, akamchinja pale uani, hata manyoya hakusubiri yatoke yote, akachana nyama ya mguu kwa kisu chake cha kukatia mipira ya baiskeli. Akaupangusa mfupa kwa shati. Akauinua kwenye jua, akapitisha ukucha wake mweusi juu mpaka chini. Mfupa uliovunjika ukaunga huwa na nundu. Huu ulikuwa laini.

"Mama," alisema, "mfupa huu haujavunjika tangu kuku huyu atoke kwenye yai."

Mayu akanitazama. Hakuhitaji kuuliza, na mimi sikusubiri; nilisema yote ya kuku, tofali, shimo, matete, nikilia kamasi mpaka kidevuni. Ya nati sikuyasema. Mayu alichukua kipande cha mpira wa baiskeli kutoka kwenye mfuko wa fundi, akanipiga nacho mpaka mkono wake ukachoka, akahamishia mwingine. Hakuna aliyeingilia. Na sikumlaumu mtu yeyote, nilikuwa nahesabu moyoni kwamba viboko bado havitoshi.

Kisha fundi akasema mfupa umeanza kushika vibaya, hauwezi kuachwa hivyo, lazima auvunje upya. Akina mama wa jirani wakasogea kumshika Kabula. Kabula akawakataa kwa kichwa.

"Milembe ndiye anishike," alisema.

Nikaenda, mgongo unawaka, nikapiga magoti, nikamkumbatia mabega. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu.

"Yule wa kwanza ulimuulia nini?"

"Alikuwa hataki kutembea."

"Na huyu mbona hukumvunja?"

"Nilimhurumia, dada."

"Ungenihurumia mimi," alisema. Na fundi alipovuta, aliuzamisha uso wake kwenye mkono wangu akauma, na mimi sikuutoa. Alama za meno zipo mpaka leo, nne juu, tatu chini. Mlio nilisikia. Huo ulikuwa wa tatu.

Jioni Mayu alimpika kuku yule. Lile paja lililochanwa na fundi akaliweka kwenye sahani yangu, lenyewe tu, bila ugali. "Si ulimhurumia?" alisema. "Haya, kula." Nililila lote. Aliketi mbele yangu mpaka nikamaliza.

Kabula alifanya mtihani kwa mkono wa kushoto na hakufaulu. Wengi hawakufaulu mwaka ule, hata wenye mikono miwili, na kwa miaka mingi nilijifichia hapo. Baba alikuja na lori la mpunga akamchukua. Mimi nilipofaulu, miaka mitatu baadaye, Kabula alikuwa Sibwesa anamnyonyesha mtoto wa pili, na ndiye aliyenishonea sketi ya shule, kwa mkono uliopinda.

Sasa anaishi Ikola, kando ya ziwa, mjane, anaanika dagaa. Ana wafanyakazi wanaomwogopa. Kila nikienda kumwona anachinja kuku, na kila mara paja anaweka kwangu, anacheka mpaka machozi. "Mle rafiki yako," anasema. Kwake tu ndiko ninakokula. Ninameza kwa maji, yeye anacheka, na sote wawili tunajifanya mambo yameisha.

Baada ya ile sherehe ya jirani nilipanda basi nikaenda Ikola. Alichinja kuku. Akaweka paja. Akaanza kucheka. Nikamwambia, "Dada, hukuanguka." Nikamweleza nati ya reli, nikamweleza jinsi nilivyotoa matambara, fundo nilivyofunga mara mbili, mahali nilipolenga. Nilisema haraka, nikiangalia mkeka. Nilipomaliza, nje watu walikuwa wanageuza dagaa, nikawasikia wanavyoongea.

Kabula aliinuka kwa mikono na magoti, akanisogelea, akanizaba kofi. Alitumia wa kulia, ule ule uliopinda. Sikujua kama una nguvu kiasi kile; niliangukia kwenye ndoo ya maji ya kunawa, sikio likalia kengele kama zamani uwanjani. Nilipoinuka alikuwa anautazama mkono wake, anakunja na kukunjua vidole, taratibu.

"Ningefaulu," alisema.

"Najua."

Akarudi akaketi mahali pake. Akavuta sahani yangu, akalichukua paja, akaanza kulila mwenyewe. Hakunipa hata kipande. Nilikaa pale nguo zimelowa, shavu linawaka, nikimsubiri mpaka alipomaliza.